UZI: Hojaji ya kitaifa ya afya ya vijana ikirekebishwa, Lamu ni watoto tisa tu?

#1 MwlMkomani (mwenye uzi)

Assalam aleikum wanabodi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Nazungumzia zile hojaji ambazo watoto hupewa darasani wazijaze bila kuandika jina. Siku 30 zilizopita umevuta sigara siku ngapi, mwaka huu umepigana mara ngapi, umekaa na njaa kwa kukosa chakula nyumbani, una marafiki wa karibu wangapi. Kenya iliijaza ile ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2003, ikilenga wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Aliyekuwa darasani siku hiyo leo ni mzazi, huenda mwanawe yuko sekondari msingi. Sigara ya umeme hakuijua. Simu ilikuwa ya baba, tena ya kubip.

Kila zikizuka habari za kurekebisha hojaji za namna hii, watu hukimbilia maswali. Huyu ataka la ngono litolewe, yule ataka la mitandao litiwe. Mimi pia nina yangu, nitayasema. Lakini kabla ya kinachoulizwa kuna anayeulizwa, na hapo ndipo Lamu tunapoachwa gatini.

Hesabu ni hii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchi nzima. Kaunti ya Lamu, kutoka Kiunga hadi Witu, ni 143,920. Hao ni kama watatu katika kila elfu. Sasa chukua uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi elfu tatu, na hiyo si sampuli ndogo kwa kazi ya darasani. Fungu letu kwa uwiano huo ni watoto tisa. Tisa! Faza, Mpeketoni, Hindi, Shela na Amu, yaani mji wa Lamu, kwa pamoja. Tena hawatakuwa tisa, kwa sababu hakuna anayechagua mtoto mmoja mmoja. Huchaguliwa shule kwanza, na yenye wanafunzi wengi ina nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa, kisha ndani ya shule huchaguliwa madarasa. Kwa hivyo Lamu ama yapata madarasa mawili matatu ya shule moja kubwa, ama haipati kitu. Kisha ripoti yatoka, vijana wa Kenya wafanya hivi na vile, na afisa aisoma kwenye mkutano wa kaunti kana kwamba ametajwa jirani yake.

Takwimu hizo si za uongo, ni za kweli kwa Kenya. Kuhusu Kizingitini hazijasema lolote.

Linganisheni na uchunguzi wa idadi ya watu na afya wa 2022, ule wa KDHS. Ulifika karibu nyumba 38,000, ndiyo maana waweza kuzungumza kaunti kwa kaunti. Kitaifa, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Lakini Samburu ni 50, na Nyeri ni 5. Mwenye kupanga kliniki Samburu akipewa ile 15 peke yake atanunua vitanda vya Nyeri.

Wamarekani wana hojaji yao ya tabia hatarishi za vijana, tangu 1991, kila baada ya miaka miwili, kwa gredi ya 9 hadi 12, chini ya kile kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC. Maswali yao ni yao. Mimi kinachonivutia ni kwamba kando na ile ya kitaifa, majimbo mengi na baadhi ya wilaya za shule za mijini hufanya za kwao, wakitumia maswali ya msingi yale yale na kuongeza yanayowahusu. Na marekebisho yakija, hao wa majimboni hupiga kura juu ya swali gani liingie na lipi litoke. Yaani wa pembeni asikizwa kabla karatasi haijachapishwa.

Pendekezo langu: maswali ya msingi yabaki ya taifa zima, kila kaunti ipewe ukurasa wake, na kaunti ndogo ipate sampuli yake yenyewe badala ya kusubiri bahati. Kwetu si kazi ya kutisha. Shule zenyewe ni chache, waweza kuzipita karibu zote.

Ukurasa wa Lamu mngeutia nini? Wa Malindi je?

---

#2 Kapteni_Mokowe

Mwalimu, mimi mwanangu aliletewa fomu kama hiyo, akaulizwa kama hufunga mkanda akipanda gari. Mtoto wa Amu! Sisi hapa kisiwani kipando ni punda.

Ulizeni bahari. Mwezi huu umepanda boti mara ngapi? Ulivaa jaketi la kuokolea? Boti ilijaa kupita kiasi? Wajua kuogelea? Mimi niko kwenye hii njia ya Mokowe na Amu kila siku ya Mungu na nawaambia, majaketi yamo. Watoto wa shule huyakalia. Wanayakunja mara mbili, wayaweka kwenye ubao ulioloa, sare isichafuke. Mkaguzi akipita asema boti ina vifaa, anaandika, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza mtoto.

---

#3 DerevaWaTatu

Malindi mkanda msiutoe, lakini ongezeni boda. Watoto watatu nyuma, helmeti moja, nayo imening'inizwa kwenye usukani. Nazungumza kama mwendeshaji.

---

#4 AbuSwabra

Waaleikum salaam. Mwalimu, nimesoma yote na hesabu yako imenikaa. La mashua nakubali, la boda nakubali. Lakini tusijifanye hatuoni. Hojaji hizi zina kurasa mbili tatu ambazo wenye kuzileta ndizo wanazozitaka, na ni zile za ngono. Matunda na kunawa mikono ni kitambaa cha kufunikia sinia.

Kumuuliza binti wa miaka 13 kama amewahi kulala na mwanamume ni kumwambia kwamba wenzake walala. Mimi ni mzazi na nina darasa la madrasa jioni. Na nina jingine. Karatasi ya ruhusa huja nyumbani imeandikwa: usipoirudisha, tutahesabu umekubali. Karatasi yenyewe mtoto aliitia mkobani, mkoba ukalowa, mama hakuiona. Kimya cha namna hiyo mnakiita ruhusa?

---

#5 NesiMalindi

Ustadh, kwa heshima zote. La karatasi ya ruhusa uko sawa, na sheria iko upande wako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka mzazi au mlezi aridhie ndipo data ya mtoto itumike. Watafiti watakwambia fomu isiyo na jina ni jambo jingine. Mimi nasema mzazi atie sahihi, basi.

La kwamba swali hufundisha, hapo twaachana. Kuna utafiti wa sekondari za jimbo la New York uliochapishwa 2005, wanafunzi zaidi ya 2,300. Nusu waliulizwa waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua, nusu hawakuulizwa. Waliopimwa siku mbili baadaye hawakuonyesha tofauti. Waliokuwa na huzuni nzito tangu mwanzo hawakuzidiwa kwa kuulizwa, na dalili ni kwamba huenda swali liliwapunguzia. Najua hilo ni la kujiua, si la ngono, tena New York si Ganda yetu hapa Malindi. Lakini hofu yenyewe ni ile ile, na hapo ilipimwa.

Mimi langu ni la sheria. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujitoa uhai alikuwa mhalifu. Fikirini hojaji inayomuuliza mtoto kama amejaribu, miaka yote hiyo. Ilikuwa yamtaka akiri kosa kwa penseli, mwalimu wa zamu amesimama mlangoni. Na la ngono ni hivyo hivyo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 aliye chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, kwa hivyo kijana wa miaka 16 akijibu ndiyo, kichwani mwake ameshajiona kituoni. Msinishangae majibu yakiwa "hapana, hapana, hapana".

Kingine ni unga, yaani heroini. Malindi twatoa methadoni, dawa ya kuwaachisha, tangu 2015, na hata kabla ya hapo Omari Project, kituo cha kuwasaidia waraibu, ilikuwa imeshaanza kazi, miaka ya tisini. Wanaopanga foleni asubuhi ni watu wazima, wana watoto. Kaa nao uwaulize walianza lini, wengi watakutajia darasa walilokuwa, hawakutajii mwaka. Hojaji isiulize tu kama umetumia. Iulize ulianza ukiwa na umri gani, na alikupa nani: rafiki, ndugu, mteja wa ufuoni. Hilo la tatu kwetu Malindi si la kubuni, mwajua. Ripoti ya serikali na UNICEF ya 2006 juu ya unyonyaji wa watoto na utalii wa ngono Pwani ililisema waziwazi.

---

#6 Takwimu_Tu

Nimefurahi kuona uzi wa hesabu. Mwalimu, ile tisa yako ni sahihi kwa idadi ya watu, ingawa kitaalamu ungetumia idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Haitabadilika sana.

Nataka kuwaonya juu ya jambo moja, kwa sababu naona kila mtu amekuja na swali lake mkononi. Swali la hojaji ukilibadilisha, umekata uzi. Chukua sigara huko Marekani. Swali moja, maneno yale yale: katika siku 30 zilizopita ulivuta siku ngapi. Mwaka 1991 waliovuta angalau siku moja walikuwa asilimia 27.5. Mwaka 1997 wakafika 36.4. Mwaka 2021 wakashuka hadi 3.8. Mteremko huo waaminika kwa sababu hakuna mjuzi aliyekuja 2003 akasema "tuseme wiki mbili badala ya siku 30, ndiyo rahisi kukumbuka". Angelifanya hivyo, mstari ungevunjika katikati na leo watu wangekuwa wabishana kama vijana waliacha au swali ndilo lililoacha.

Sasa geuza upande wa pili. Wangeng'ang'ania sigara peke yake, wangesherehekea. Mwaka 2015 wakaongeza swali la sigara ya umeme, pembeni, bila kugusa la zamani. Jibu likawa asilimia 24.1. Mwaka 2019 ikawa 32.7. Nikotini haikuwa imeondoka, ilikuwa imebadilisha nguo. Ndiyo marekebisho ninayoyaamini mimi: la zamani usiliguse, jipya liweke kando yake, liache lianze historia yake.

Kwa hivyo Kapteni, mkanda usiutoe. Najua wakuudhi. Weka boti chini yake.

Na maswali yajaribiwe. Hao Wamarekani mwaka 2000 waliwapa wanafunzi zaidi ya elfu nne hojaji ile ile mara mbili, kama wiki mbili kati ya mara ya kwanza na ya pili. Maswali mengi yalisimama. Machache majibu yake yaliyumba kupita kiasi, nayo wakayarekebisha au wakayatupa. Hapo hukuhitaji kumkamata mtoto akidanganya. Swali lenyewe ndilo lililoshindwa kusimama. Sisi ukurasa wa Lamu tukiuandika kwenye uzi huu leo na kuuchapisha kesho, tutakuwa tumeandika shairi.

---

#7 NimemalizaFomuFour

Kwa hivyo nikichagua C kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho hakuna anayejua 😂

---

#8 Takwimu_Tu

Wanajua. Kwa hao Wamarekani, ukitoa jibu moja kwa maswali 15 mfululizo, karatasi yako yote hutupwa. Na majibu yanayogombana, kwa mfano hujawahi kunywa pombe maishani lakini mwezi huu umelewa siku tano, yote mawili hufutwa. C yako haijaumiza mtu, umepoteza penseli tu.

---

#9 BintiShela

Mimi niliijaza moja nikiwa Form 2, shule siitaji. Niwape picha, maana naona mnazungumza kama waliokaa nje.

Tuko watatu kwenye deski moja. Karatasi ya majibu ina viduara, unapaka cheusi kile unachochagua. Raba ni moja, yapitishwa. Sasa swali la 40 na ngapi huko, kama hujafanya hilo jambo unapaka A na maswali manne yanayofuata pia unapaka A. Aliyefanya, viduara vyake vinahama kulia. Huhitaji kusoma swali la mwenzako. Unatupa jicho tu, ukiona viduara vimehama, umeshajua. Mwenzangu wa pembeni alianza kupaka kulia, akatutizama, akaomba raba. Akafuta, akarudi A.

Mtafiti alikuwa mwanamke mpole, alituambia hakuna mwalimu atakayeona. Wakati huo huo mwalimu wetu mmoja alikuwa apita katikati ya safu, mikono nyuma, akisoma vichwa vya maswali kwa sauti kama ilivyo kawaida yake kwenye mtihani. Mtafiti hakumwambia kitu. Angeanzaje? Ni mgeni, amepewa chai ofisini.

Halafu pale mwisho. Umeulizwa kama wajihisi mpweke, kama umekosa usingizi kwa wasiwasi, kama umewahi kupanga kujidhuru. Umepaka viduara vyako. Kengele yalia, mwaenda kwenye hesabu. Mimi nilikuwa sawa, lakini kuna aliyekuwa si sawa na hakupewa hata kijikaratasi. Ile nambari ya bure ya watoto, 116, ingechapishwa chini ya ukurasa wa mwisho, wangekosa nini?

Mkirekebisha, anzeni na deski. Mtumie ukumbi wa kulia, kila mtu na meza yake au mmoja kwa meza ndefu. Penseli na raba kwa kila mtoto. Wasiofanya waulizwe maswali mengine ya kujaza pale pale, ili kila mtu awe apaka kote kote. Na sanduku lenye kufuli, umalizapo watia mwenyewe. Mwalimu akanywe chai yake.

---

#10 MwlMkomani

BintiShela, hili la viduara kuhama sijalisoma popote. Asante.

Nilisema nina yangu, moja ndilo hili: Ramadhani. Karibu kila swali lauliza siku 7 au siku 30 zilizopita. Sasa watafiti waje Amu wiki moja baada ya Idi. Umekula kiamshakinywa siku ngapi? Chache mno. Umefanya mazoezi? Kidogo. Umekunywa soda? Jioni zote. Umekosa usingizi? Ndiyo, tulikuwa tarawehe kisha daku. Umekaa na njaa? Hapo mtoto mwenyewe atasita, kwa sababu njaa ya saumu siyo aliyoulizwa, ila aliihisi. Ukiichukua karatasi hiyo Nairobi utaandika kwamba vijana wa Lamu wana utapiamlo, hawalali na wamezama kwenye sukari.

Na Ramadhani yasogea nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Kwa hivyo ukifanya uchunguzi wa kwanza mwezi Machi wenye Ramadhani na wa pili Machi ya miaka minne baadaye isiyo na Ramadhani, utapata "maendeleo makubwa ya lishe" bila mtu kubadilisha sahani. Takwimu_Tu anasema tusikate uzi, basi tarehe nayo ni sehemu ya uzi. Hata Wamarekani ule wa 2021 waliufanya msimu wa vuli badala ya masika kwa sababu ya korona, na kila anayelinganisha na 2019 hana budi kulikumbuka hilo.

Hapa kwetu ningesema iandikwe kwenye mwongozo: Pwani na kaskazini mashariki, kazi isifanyike ndani ya Ramadhani wala katika siku 40 zinazofuata. Na msimu wa Maulidi muuache pia, Amu hujaa wageni na shule hupungua watu.

---

#11 Kadzo_Mrima

Mnazungumza Lamu Lamu, Malindi tumewekwa kiraka. Haya, wa kwetu kwa ufupi:

Muguka. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku, serikali kuu ikasema marufuku hayana nguvu, mambo yakaishia mahakamani na kwenye runinga. Nilisikiza mabishano yote yale nikitamani mtu mmoja aseme: katika darasa la watoto wa miaka 14 wangapi watafuna, na waununua wapi? Uchunguzi wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ulikuwa wa miaka 15 hadi 65. Mtoto wa Gredi ya 7 hayumo.

Kuber, ile tumbaku ya kutia mdomoni, swali lake peke yake. Ukiandika "tumbaku" mtoto awaza sigara. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 lakini ulizeni. Mnazi ulizeni kwa jina lake, maana huku kuna watoto wa kugema ambao kuonja ni sehemu ya kazi, hawataujibu kama "pombe". Disko matanga, zile ngoma za usiku za matangani, ulizeni. Na mitandao: kama kuna mtu mzima asiyemjua aliyemuomba picha. Nimemaliza.

---

#12 AbuSwabra

Kadzo, hilo la mwisho hata mimi nalitaka, kesho asubuhi.

Nesi, nimekusoma mara mbili. Sijageuka, lakini niseme ninachoweza kukikubali, nisionekane mtu wa kupinga tu. Mzazi apewe hojaji nzima aisome wiki mbili kabla, isiwe muhtasari. Ipatikane shuleni, ipatikane kwa maimamu na makasisi. Ruhusa iwe ya sahihi. Ile kurasa ya ngono isipewe wa chini ya miaka 15, na swali liwe la kumlinda kwanza: kuna mtu aliyekulazimisha, kuna mtu aliyekupa pesa au simu kwa hilo. Hapo mimi mwenyewe nitawatangazia wazazi baada ya swala ya Ijumaa. Mkiniletea lile la "umekuwa na wapenzi wangapi" kwa mtoto wa miaka 13, nitatangaza pia, lakini vingine.

---

#13 NesiMalindi

La kulazimishwa na la pesa yawe ya kwanza, nakubaliana nawe kabisa ustadh. La miaka 15 siwezi. Wanaokuja kwangu wakiwa na mimba, wapo wa 14. Tukianza kuuliza kwenye miaka 15, hao hawakuwahi kuwepo.

---

#14 Takwimu_Tu

Na ruhusa ya sahihi ina bei yake, ustadh, isemwe wazi. Watakaorudisha karatasi ni watoto wa nyumba ambazo mtu hufungua mkoba na kusoma. Wasiorudisha ndio tuliokuwa twawatafuta. Huko Marekani jimbo linalopata majibu chini ya asilimia 60 huambiwa data yake haiwakilishi wote. Lamu tukipata 45 tutakuwa tumerudi kwa wale tisa kwa njia nyingine. Siipingi sahihi. Nasema kama ni sahihi, basi kuwe na mtu wa kuzungukia nyumba.

---

#15 Mwanabajuni

Hamjawataja wasiokuwa shuleni hata mara moja. Wadi ya Basuba shule zilifungwa miaka kwa ajili ya usalama, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Kiunga kuna vijana wa miaka 14 wako baharini na baba zao msimu wa kuvua kamba ukianza. Mabinti wameshapelekwa Malindi na Mombasa kufanya kazi za nyumbani. Hojaji ya darasani humhesabu aliyebaki darasani, na aliyebaki ndiye mwenye afueni. Mtachapisha kwamba vijana wa Lamu wana hali nzuri kuliko walivyo, na mtaamini.

---

#16 Kapteni_Mokowe

Mwanabajuni kasema. Wale wa kamba hata likizo hawana.

---

#17 MwlMkomani

Mwanabajuni, hilo ukurasa wa kaunti hauliponyi, linahitaji uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kama ule wa KDHS, walau kwa Lamu Mashariki. Naliandika kama sharti, si kama nyongeza: ripoti yoyote ya shuleni iseme kwenye ukurasa wa kwanza ni watoto wangapi wa rika hilo hawakuwa shuleni katika kaunti hiyo. Kama hawajui, waandike kwamba hawajui.

Sasa kazi. Afya ni ya kaunti tangu 2013, lakini shule ya msingi na sekondari ni ya serikali kuu, kwa hivyo idara ya afya ya Lamu haiwezi kubisha hodi darasani bila Wizara ya Elimu, na utafiti wataka kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Nalisema hili kwa sababu wengi mtaniambia "tupeleke kwa gavana". Gavana mlango huo hana ufunguo wake wote.

Nitaandika rasimu ya kurasa mbili. Wa kwanza ni sampuli: Lamu ipewe yake, shule zote za sekondari msingi na za upili ziingie, darasa moja kwa kila ngazi. Wa pili ni maswali ya kaunti, yasizidi kumi: mawili ya boti, moja la boda, kuber na muguka mbalimbali, umri wa kuanza na aliyekupa, kulazimishwa, picha mtandaoni. Ya BintiShela yote naweka kwenye mwongozo wa darasani, pamoja na 116. Ya ustadh naweka ruhusa ya sahihi na wiki mbili za kusoma, na pale kwenye umri naandika kwamba hatukuafikiana, nitatia hoja zote mbili zilivyo. Tarehe nimeshasema.

Kadzo, niandikie wa Malindi wewe, usiningoje mimi.

---

#18 Kadzo_Mrima

Nikiandika wa Malindi sitakubali kumi. Kumi na tano.

---

#19 Takwimu_Tu

Kumi. Hojaji ya Marekani ya 2021 ilikuwa na maswali 99 na wana kipindi kizima. Watoto watatu kwa deski moja hawafiki huko.

---

#20 Kapteni_Mokowe

Mwalimu, wajaribuo maswali ya boti waanzie kwangu. Jumatatu ya kwanza shule zikifunguliwa, safari ya saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nauli yao juu yangu, jaketi wavae.